Jina la Pili la Bibi

Dunda, Bagamoyo
11 Juni 1972

Mjomba Bwanaheri,

Shikamoo. Jambo hili sijamwambia mtu: najua jina la kweli la bibi.

Mbuzi wako amezaa mapacha. Shuleni tulikuwa na mdahalo: vitambulisho viwe vya lazima au vya hiari? Nilisimamia lazima, tukashinda.

Juzi balozi wa nyumba kumi alileta fomu ya kitambulisho cha bibi. "Jina halisi," alisisitiza, "si la mtaani."

Bibi akaniuliza, "Nikikataa kulitaja, nitafungwa?"

"Sijui, bibi."

"Mke mwenzangu kashinda mdahalo, hili hajui!"

Akacheka kwa kunitania, kisha akaeleza. Ndugu zake watano walikufa wachanga. Yeye alipozaliwa, mama yake alimlaza jaani, akamwita Mwanajaa, ili mauti yamdharau. Jina zuri likafichwa. Akaninong'oneza jina hilo.

"Hata mwanangu Bwanaheri halijui. Likiandikwa, mauti yatanijua."

Nilitamani kujua: kitambulisho kingemtambulisha nani, ikiwa hakuna aliyewahi kumwita kwa jina hilo? Lakini balozi alikuwa anangoja barazani.

Nikaandika "Mwanajaa binti Salumu", bibi akatia dole gumba, nikampelekea balozi fomu.

Mpwa wako akupendaye,
Sikuzani