Mkono wa Bibi kwenye Sarafu

Nyumbani,
Nyuma ya posta ya zamani.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Shangazi,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Huko baridi imepungua? Na kile kifua kinachokusumbua, je? Sisi tu wazima, ila Bibi. Haumwi, lakini moyo wake si mzima, na ndiyo maana simu zako hapokei.

Unaikumbuka ile picha yake ya ujana, yeye na mwenzake wamekaa mbele ya ubao wa kuunganishia simu, wakichomeka waya? Mwezi wa tatu alikuja bwana mmoja kutoka shirika la simu kuiazima. Alisema itatolewa sarafu ya kumbukumbu ya historia ya simu nchini, na picha hiyo ndiyo itakayochorwa. Bibi alitangaza mtaa mzima. Fundi cherehani akawa anamtania, "Mama Simu, ukishakuwa pesa usitusahau!" Naye humjibu, "Wewe ndiye utakayeniweka mfukoni ukiwa huna kitu."

Siku ya uzinduzi nilimsindikiza. Alivaa viatu vyake vya enzi za kazi. Tulikalishwa nyuma kabisa, karibu na mafundi wa vipaza sauti. Sarafu ilipoonyeshwa ukutani, nilimwona yule mwenzake, nikauona ubao, na mkono mmoja ukitokea pembeni na waya. Bibi hayumo. Mkurugenzi wa shirika akaeleza kwamba huo ni mkono wa taifa unaowaunganisha wananchi.

Bibi akasimama. "Mwanangu, mkono huo ni wangu."

Watu wakacheka kwa upole, kama mtu anavyomchekea mtoto, kisha wakapiga makofi. Mkurugenzi naye akapiga.

Shangazi, hayo angeyavumilia. Kilichomuumiza ni picha. Kesho yake yule bwana aliirudisha katika bahasha safi, imekatwa kwa mkasi palepale kwenye kifundo cha mkono. Nilimuuliza kipande chenye Bibi kiko wapi. Akasema, "Hicho hakikuhitajika, binti." Akatuachia sarafu moja, eti shukrani. Bibi ameitia chini ya mguu wa meza inayoyumba. Tangu hapo simu ikilia anasema, "Waambie hapa hapana mtu."

Mwalimu wetu hutukataza kuandika barua tukiwa na hasira, kwa hiyo nilisubiri. Hasira haijaisha.

Baba anasema ulipoondoka ulichukua nakala ya picha hiyo. Tafadhali itafute, hata kama imekunjika. Nataka kuipeleka kwa mkurugenzi nikiwa na sare yangu ya shule, nimwombe waitundike nzima ukumbini kwao. Baba anasema mlinzi atanirudishia getini. Huenda ni kweli. Lakini kabla ya kufika huko, itapita mikononi mwa Bibi.

Wasalimie mumeo na wale pacha. Baba na Mama wanakusalimu sana. Mungu akutunze ugenini na akuponye kifua. Bibi hajui kwamba nimekuandikia, kwa hiyo salamu zake siwezi kukutungia.

Ni mimi nikupendaye siku zote,
Binti wa kaka yako