Mstari wa Tatu kwenye Shati la Kaporali

Magarama, Gitega

Mjukuu wangu Aline,

Huku tuko salama. Goti la bibi yako limepona, sasa ananikimbiza mpaka mi naomba poo. Na huko Butihinda, maharage yamepata mvua?

Umeuliza muandike cheo gani kwenye msalaba mpya wa baba yangu, maana shati lake la jeshi lina mistari mitatu na picha yake ya jeshini inaonyesha miwili. Andikeni kaporali.

Ujanani mwangu, kwa kujisifu hakuna aliyenifikia. Baba alipofariki nilitangaza mtaa mzima kwamba alikuwa sajenti. Siku ya kumaliza matanga tukatundika shati mbele ya wageni. Mzee mmoja, mwenzake wa jeshini, akalikodolea macho.

"We kijana, huyu sajenti wa wapi?"

"Mzee, hesabu! Mitatu hiyo. Au pombe imeshafika machoni?"

Watu wakacheka. Yeye akaugeuza mkono wa shati ndani nje, polepole. Mistari miwili ilishonwa kwa mashine. Wa tatu ulishonwa kwa mkono, kwa uzi wa buluu ambao mama alishonea viraka vyetu.

Mama alikuwa amebeba mtungi wa pombe. Akautua.

"Ni mimi. Mtoto alishawaambia watu sajenti. Niliogopa watamcheka."

Hakuna aliyecheka tena. Mpaka leo nikiona uzi wa buluu, uso unaniwaka.

Kwa hiyo msiubandue ule mstari. Baba hakuupata kamwe. Nilishonewa mimi.

Msalimie mama yako.

Babu yako