Makopo Yaliyorudi Matupu

Chumba 714
Jumanne, saa tisa alasiri

Kwa Dada yangu Jong-ok, ghorofa ya tisa,

Salamu nyingi kutoka ghorofa mbili chini yako. Unaendeleaje? Homa ya juzi imeshuka? Siku zote mimi na wewe tukikutana tunaulizana kwanza kama mtu amekula, lakini leo swali hilo halina kazi, maana wewe umekatazwa kula na mimi nimekatazwa kula. Basi nakuuliza tu kama umelala, na kama tumbo limepungua maji. Mimi mzima, tena mzima mpaka madaktari wananisifia, jambo ambalo halijanitokea tangu nizaliwe.

Utashangaa kupata karatasi kutoka kwa mtu ambaye simu haimtoki mkononi. Wamesema chumbani kwako haingii mgeni kwa sababu ya vijidudu, na kwenye simu ningeanza kulia kabla sijafika kwenye jambo lenyewe. Nesi Bang amekubali kukuletea. Nakuomba uisome yote, na uisome leo.

Nianze na hizo sheki zangu, yale maji ya unga ya kupunguza uzito, maana najua unataka kucheka. Unakumbuka mwaka jana nilipungua kilo nane kwa mayai ya kuchemsha na kabichi, upasuaji ukapangiwa tarehe, halafu nikarudisha zote nane na tatu juu yake. Ini langu likajaa mafuta upya, likawa halifai kukupa, Daktari Pyo akafuta tarehe. Mwaka huu, siku ile ya mwezi wa kwanza uliponipigia simu ukaniita kwa jina la shangazi aliyekufa tukiwa wadogo, nilijua sumu ambayo ini lako limeshindwa kuichuja imekupanda kichwani. Nilitoka Suncheon na aproni yangu kiunoni, nikapanda basi mpaka hospitali hapa Gwangju, nikamwambia Daktari Pyo anipe njia yoyote ile. Akanipeleka kwa mtaalamu wa lishe, binti mdogo mwembamba kama kijiti cha kulia chakula, naye akaniandikia sheki tatu kwa siku kwa wiki tisa. Unatia unga kwenye chupa, unatia maji hadi kwenye mstari, unatikisa, unakunywa. Hicho ndicho kifungua kinywa, hicho ndicho chakula cha mchana, hicho ndicho cha jioni, na juu yake majani ya mboga bila mafuta.

Ladha yake? Unaukumbuka unga wa nafaka za kukaanga ambao Mama alikuwa akitukorogea na maji ya barafu wakati wa joto? Ni kama ule, ila umekorogwa na mtu anayekuchukia. Nilijaribu wa ufuta mweusi, nikajaribu wa viazi vitamu, nikaishia wa maharage meusi kwa sababu ndio uliokubali kushuka bila ugomvi.

Sasa fikiria mpishi wa shule, anayepikia watoto mia saba na arobaini, anasimama katikati ya masufuria ya wali na nyama akitikisa chupa. Jikoni walinimaliza. Dada Mal-sun, mkuu wetu wa jiko, yule mwenye miaka sitini na mabega ya mbeba mizigo, aliniuliza mbele ya wote kama nimepata mchumba au nimepata minyoo. Wengine wakaniita Bi Chupa. Kila nikitikisa, mmoja alikuwa akicheza kiuno. Nami kwa kiburi changu sikuwaambia kitu. Nikawaacha waamini kwamba kuna mwanamume mahali fulani anayependa wanawake wembamba.

Shida ikaja kwenye supu. Unajua kwetu aliyepika supu ndiye anayeionja, na zamu ya supu ni yangu miaka sita sasa. Nilijua nikionja kijiko kimoja nitaonja sufuria nzima, kwa hiyo nikamwomba Dada Mal-sun anionjee. Kumbe ulimi wake umechoka na chumvi za miaka thelathini! Akawa anasema bado, ongeza, bado, ongeza, mpaka siku moja mwalimu mkuu akashuka mwenyewe kuuliza kama bahari imemwagika jikoni. Nilicheka hadi nikashika meza. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu mwezi wa kwanza.

Wiki ya pili, tukikaanga nyama ya nguruwe kwa pilipili, miguu ikaniishia nguvu nikakaa kwenye gunia la vitunguu. Dada Mal-sun alinijia juu, akaniuliza ni mchumba gani huyo wa kufia. Nikamwambia si mchumba, ni dada yangu, anahitaji ini, na langu halitakiwi likiwa na mafuta. Nilidhani atanikumbatia. Hakunikumbatia, alinipokonya mwiko, akanisukuma kwenye beseni la mchicha, akasema mjinga mkubwa wewe, umetuacha tukutanie kama watu wasio na mama. Kuanzia siku hiyo akasimama yeye kwenye karai la kukaangia, mahali penye moshi ambapo hakuna anayepapenda na ambapo sisi husimama kwa zamu. Alisimama pale wiki saba, akinitukana kila siku kwa ajili ya macho yake yaliyowasha. Dada, mimi sikujua mtu anaweza kutukanwa kwa upendo kiasi kile.

Na huku uzito ukawa unashuka. Si kwa haraka. Kuna wiki mizani ilikataa kabisa kusogea nikataka kuitupa dirishani. Lakini wiki ya tisa nilikuwa nimetua kilo kumi na mbili, na Alhamisi ile nikaingizwa tena kwenye lile bomba la mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili.

Nisikilize hapa, maana tangu siku hiyo bado sijakaa sawa. Daktari Pyo aliweka picha mbili kwenye kioo. Ya kwanza ya mwaka jana, ini langu limepauka kama kipande cha tofu nyeupe ya soya. Ya pili ya wiki ile, jeusi, safi, limetulia mahali pake. Nikamuuliza kama kweli ni la mtu mmoja. Akasema ni la mtu mmoja aliyekunywa unga. Kisha akanionyesha kwa kalamu mahali watakapokata. Wananitoa zaidi ya nusu, Dada. Nikamuuliza, na mimi je, nabaki na hicho kipande mpaka kufa? Akanitazama kwa mshangao, akidhani nilishaambiwa. Akasema kitaota. Changu kitakua, na chako kitakua, na baada ya miezi michache kila mmoja wetu atakuwa na ini lililokaribia kutimia. Akalisema hivyo hivyo, kama mtu anayesema mvua itanyesha Ijumaa.

Mungu wangu! Miaka arobaini na moja nimekuwa nikiugombeza mwili huu. Nimeuita mfuko, nimeuita nguruwe, nimeficha picha zangu zote. Kumbe ndani yake kuna kitu kinachojua kujijenga upya bila kufundishwa na mtu, na kinajua mpaka mahali pa kuishia! Nilitoka pale nikakaa kwenye benchi la basi na mkono juu ya mbavu, kama mwanamke mwenye mimba. Mabasi matatu yakapita bila mimi kupanda.

Sasa naomba ukae vizuri, kwa sababu nimefika nilipokuwa nakwepa.

Mwaka jana sikurudisha uzito kwa bahati mbaya.

Wiki ile tarehe ilipopangwa, nilipita wodini hapa nikamwona kijana aliyemtolea baba yake ini. Alikuwa anatembea ameinama, ameshikilia nguzo ya dripu, na kila hatua alikuwa anapumzika. Tumbo lote lilifungwa bandeji. Niliogopa, Dada. Siku iliyofuata yule mama wa ustawi wa jamii akaniita peke yangu, akafunga mlango, akaniuliza kama natoa kwa hiari, akasema nikikataa hakuna atakayejua, ndugu wataambiwa tu kwamba sifai kiafya. Nilimwambia natoa kwa hiari. Nilisema ndiyo kwa mdomo, halafu kwa mdomo huo huo nikaanza kusema hapana. Kila siku nikitoka kazini nilipita sokoni, nikala keki za mchele za pilipili sahani mbili, nikala kuku wa kukaanga, nikarudi nyumbani nikamaliza makopo ya vyakula alivyonipikia Mama. Sikuwa na njaa. Nilikuwa nakula ili Daktari Pyo aseme lile neno nililoshindwa kulisema mimi.

Naye akalisema. Ukanipigia simu wewe, mgonjwa, ukanibembeleza mimi! Ukasema nisijilaumu, mwili si mtumwa wa mtu. Wiki iliyofuata ukaniletea kwa posta suruali ya mpira kiunoni, ili nisijisikie vibaya. Nimekuja nayo hapa hospitali. Nimeifunga kwa pini maana inaanguka. Kila nilipoivaa ilikuwa inanichoma, na nilikuwa naivaa makusudi.

Hili la Mama, ameniambia mwenyewe nikuandikie, yeye hana nguvu ya kulitamka. Unajua mwaka jana nilipokuwa napungua, makopo yake yalikuja na basi kutoka kwake Goheung mara mbili zaidi ya kawaida: kimchi ya kabichi iliyochachushwa, dagaa wa kukaanga, nyama ya sosi ya soya, maboga. Mwezi uliopita alikuja kukaa kwangu akapika mbavu za ng'ombe, zile za sikukuu. Nikamwambia siwezi, nikatikisa chupa yangu. Akavua aproni akasema, nimezaa mtu au nimezaa mmea? Kisha akaketi sakafuni akalia. Nikaona nimweleze ukweli wangu, kwamba mwaka jana nilinenepa kwa kusudi. Akasema anajua. Nikamuuliza amejuaje. Akasema makopo yalikuwa yanarudi matupu. Mtu anayejinyima hawezi kurudisha makopo matupu kila wiki, tena yamelambwa. Alijua, na akaendelea kuyajaza. Alisema, mimi nina watoto wawili, mnataka kuwalaza wote siku moja, wote wapasuliwe, nami nikae kwenye kiti nisubiri. Akasema, sikuweza kumwambia dada yako Jong-ok asipone, wala sikuweza kukuambia wewe usitoe. Nikapika.

Dada, tulikaa pale na zile mbavu zikapoa. Sikumkasirikia. Nilimshangaa tu, mwanamke huyu mdogo, aliyetubeba sisi wawili moyoni kwa mizani moja mwaka mzima bila kusema neno.

Kwa hiyo umeshajua. Ulipoteza mwaka kwa sababu yangu, na mwaka huo umekula mwili wako. Kesho saa kumi na mbili asubuhi watakuuliza kwa mara ya mwisho kama unakubali. Mimi tayari nimeulizwa, mlango ukafungwa tena, na nimesema ndiyo, na safari hii hakuna kuku aliyehusika. Lakini sitaki ulale mezani ukiamini unapokea kitu cha mdogo wako shujaa. Ni cha mdogo wako aliyekukimbia, akarudi. Ukiwa na hasira, kuwa nayo, una haki. Ila nakuomba ulichukue ini hili. Nimelisafisha kwa ajili yako tu, na nakuogopea zaidi ya ninavyoogopa kisu. Tena hebu fikiria: kwa mara ya kwanza maishani mwangu nitapungua, nitarudisha, na kila mtu atashangilia.

Mama amefika saa nane. Kwa miaka yote unayomjua, umewahi kumwona Mama akienda mahali bila kopo? Leo amekuja mikono mitupu. Hakuna mfuko, hakuna chungwa, hakuna hata maji. Alisimama mlangoni akiitazama mikono yake, hajui aiweke wapi. Nikampa mkono wangu akaushika kwa yote miwili, na bado ameushika. Ndiyo maana mwandiko wangu unapinda hivi, nimeiegemeza karatasi kwenye goti.

Anakusalimu. Dada Mal-sun na jiko zima wanakusalimu, na Dada Mal-sun anasema ukitoka atakupikia supu mwenyewe. Kwa hiyo pona, lakini jihadhari na chumvi. Lala vizuri leo. Kesho nitakuwa chumba cha upasuaji, mlango wa pili kutoka kwako, na tukiamka, wa kwanza kupata sauti amuulize mwenzake kama amekula.

Mdogo wako,
Jong-im