Skuli ya Chumba cha Nyuma

Jumamosi, 5 Februari 1977
Wiki ya tatu hapa mtaa wa Manfuha. Skuli yangu imeanza tena, chumba cha nyuma, dirisha limefungwa. Wanafunzi watatu, wote wanangu: Wahida miaka kumi na tatu, Badawi tisa, Nunu mitano. Wahida anafanya hesabu za sehemu, Badawi insha ya Kiarabu, Nunu a-e-i. Nawafundisha kama chuoni kwetu Unguja, kila mtoto anasoma lake kwa sauti, nami nawasikia wote. Ila hapa lazima wanong'one. Jirani akisikia atauliza kwa nini hawendi skuli. Skuli inataka ikama, kibali cha kukaa nchini. Ikama mafi, hatuna! Tulikuja kuhiji tukabaki, mwaka mzima Jeddah, sasa Riyadh.

Badawi hawezi kusoma bila kupiga kelele. Nimemfinya mara mbili.

Jumatatu, 7 Februari
Mume wangu Vuai kaondoka na lori, anafuata saruji bandarini Jeddah. Meli zimejazana huko, huenda akakaa wiki nzima. Kaniusia: mume wako hayupo, mlango usiufungue. Rahisi kusema ukiwa juu ya lori!

Adhuhuri, hodi. Ummu Fahdi, mke wa mwenye nyumba. Kasikia watoto wanasoma. Nikamwambia nawasomesha Kurani mpaka ikama zetu zitoke, kwani tumeingia nchini mwezi uliopita tu. Uongo ulinitoka wenyewe. Kafurahi, kanibusu, kasema atamleta binti yake Hesa, kafeli mtihani. Ningekataaje?

Jumatano, 9 Februari
Hesa mtoto mzuri. Sasa wako wanne. Naogopa kila neno linalomtoka Nunu. Leo kataka kumhadithia Hesa nyumba yetu ya Jeddah — nikamtia tende mdomoni. Gari likisimama nje, nami nasimama.

Alhamisi, 10 Februari
Ummu Fahdi anataka kunilipa wema. Kaka yake yuko idara ya pasi, hao hao wanaorudisha watu kwao! Ati atawatia wanangu skuli ya serikali, jambo dogo. Kesho kaka huyo anakuja kwake, nimpe pasi zetu tu. Nikasema pasi ziko kwa kafili, mdhamini wetu. Halas, kasema, basi nimpe jina la kafili.

Kafili gani, nasi hatuna? Mwanamke mwenyewe mwema, hata kumchukia siwezi. Namtaka Vuai. Sina pa kumpigia simu.

Ijumaa, 11 Februari
Nilikuwa naswali alasiri. Ummu Fahdi kaja mlangoni, kaomba madaftari, kaka yake aone nani anafaa darasa gani. Badawi kampa yote! Rundo zima! Kaja kujisifu: "Mama, nimempa na yale ya zamani, aone vile nilikuwa siandiki vizuri."

Nimekaa chini. Ni miye niliyewazoesha, kama tulivyofunzwa chuo cha ualimu: juu ya kila ukurasa, mahali na tarehe. Jeddah, Muharram 1396. Mwaka na zaidi, nami nilisema mwezi mmoja, ukurasa kwa ukurasa, kwa Kiarabu safi cha mwanangu. Na tiki zangu nyekundu chini yake. Mwalimu hodari mimi!

Nimempigia Badawi makelele, kalia. Kisha nimemwomba radhi. Kosa langu.

Wahida anasema tufunge mizigo, twende kituo cha Batha tukapande basi. Basi la wapi, na hatuna mwanamme wa kusafiri naye?

Hesa kaja sasa hivi. Mjomba wake kamaliza chai, kasoma madaftari yote. Anasema insha nzuri. Anamtaka Badawi, peke yake, ana swali moja tu.

Nimemwambia asubiri hapo mlangoni, Badawi anavaa. Keshavaa zamani. Naandika ili wasiuone uso wangu. Nimfundishe kusema uongo sasa, kwa dakika moja hii? Akikosea je? Na akisema kweli?

Badawi kafuta machozi, kachana nywele. Anadhani anaitiwa mtihani. Ananiuliza achukue penseli au kalamu ya wino.