Paka Nimchukue, Mbwa Nimwache

Jumapili jioni, Julai. Baridi, manyunyu ya kukera, na mlima umejifunika tangu asubuhi. Afadhali. Leo sikuwa na hamu ya kuuona.

Nanuka mbwa. Kanga yangu imejaa manyoya, mkononi nina mkwaruzo mrefu unaowasha nikigusa sabuni. Nimejipikia chai ya tangawizi na nimeiacha ikapoa. Naandika kwa sababu nisipoandika nitampigia simu mdogo wangu na kumwambia maneno ambayo mtu hayarudishi mdomoni.

Kwa asiyejua: mama alifariki kabla ya Pasaka. Nilikuwa naye kijijini kwetu Kirua Vunjo muda wote wa ugonjwa wake, mimi na cherehani yangu, na mbwa, na paka. Kazi ya mapokezi kwenye hoteli hapa Moshi niliiacha ili nikamgeuze kitandani, nimwogeshe, nimlishe mtori kwa kijiko. Kwa hilo silalamiki. Ningeambiwa nianze upya kesho, ningeanza.

Ninacholalamikia ni kilichofuata.

Kwetu nyumba ya wazazi ni ya mtoto wa kiume wa mwisho. Nimezaliwa nikaikuta desturi hiyo na sijawahi kujidanganya kwamba itageuzwa kwa ajili yangu. Wa mwisho kwetu ni Godlisten. Yuko Dar, ana mke, watoto na kazi nzuri, na hupanda Kirua kila Desemba kama Wachaga wote wa mjini. Anakula nyama, anapiga picha na migomba, Januari anaondoka. Nilidhani ataniambia, dada kaa, nitunzie nyumba, mimi nitakuja Desemba kama kawaida. Nilidhani hivyo mpaka siku ya kikao cha ukoo.

Walikaa sebuleni kwa mama, kwenye viti nilivyovishonea vitambaa mimi. Aliyesema ni baba mkubwa, kaka yake marehemu baba. Alisema nyumba itakarabatiwa, itawekwa vigae, kwa sababu mke wa Godlisten hawezi kulala kwenye chumba chenye harufu ya ugonjwa. Alisema mimi bado nina nguvu, nishuke mjini nikatafute maisha yangu. Harufu ya ugonjwa! Hiyo harufu nimelala nayo miaka, hakuna aliyeniuliza kama naiweza.

Sikuomba ng'ombe. Sikuomba ndizi wala kahawa, ingawa jembe lililoipalilia nilikuwa nalishika mimi. Niliomba wanyama wangu wawili tu, Jimi na Mkwe.

Mkwe ni paka. Alikuja siku ya mvua kubwa, akaingia jikoni bila hodi na akakataa kutoka. Mama akasema haya, hatimaye binti yangu ameleta mkwe. Nilikuwa nimefika arobaini bila mume na mama hakuacha kunichokoza kwa hilo mpaka alipoishiwa na sauti. Jimi ni mbwa. Nilimtoa sokoni Tarakea akiwa mdogo wa kuenea kwenye kikapu cha vitunguu, nikamlea kwa maziwa na makombo ya kiburu, akawa mbwa mkubwa wa rangi ya udongo ambaye watu wa mtaa mzima wanamwogopa. Mama alipokuwa anaota jua mlangoni, Jimi alilala miguuni kwake.

Wakanong'onezana kidogo. Kisha Godlisten akasema, "Paka mchukue. Mbwa ni wa nyumba hii, atabaki kulinda."

Yaani mimi niondoke, mbwa abaki. Mbwa ana kazi, mimi sina.

Halafu baba mkubwa akatoka nje, akakata jani la isale kwenye uzio na kurudi nalo. Kwetu, mtu akikukosea, hutumwa mzee akuletee isale kukuomba msamaha, na ukishaletewa huwezi kukataa. Watu wamesameheana hata damu kwa jani hilo. Lakini huletwa baada ya kosa. Mimi nililetewa kabla. Aliniomba niondoke kwa amani, nisiweke kinyongo na mdogo wangu. Nikalipokea kwa mikono miwili kama nilivyolelewa, nikasema nimepokea. Wote wakapumua, wakaanza kuulizia pombe ya mbege.

Siku ya kuhama, dereva wa kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, alikataa nimpakate Mkwe. Alisema paka akiiona njia atarudi, lazima asafiri ndani ya kiroba. Tukamtia kwenye kiroba cha unga, nikakitoboa matundu ya hewa, naye akalia kwa sauti ya mtoto mchanga kutoka Kirua mpaka lami na kutoka lami mpaka Moshi.

Jimi alikuwa ameruka garini hata kabla ya godoro. Alikaa kando ya cherehani, ulimi nje, tayari kwa safari. Nikamshusha. Akapanda. Nikamshusha tena na kumfunga kwenye mparachichi kwa kipande cha kanga ya mama. Tulipofika kona ya kanisani nikamwona kwenye kioo anakuja mbio, kile kipande kinapepea shingoni. Dereva akaniuliza kama asimame. Nikamwambia aende. Jimi alitufuata mpaka barabara kubwa, akasimama pale, halafu akageuka kurudi alikotoka.

Nilipanga chumba Majengo, kwa Bi Zaituni, mjane wa makamo anayeuza maandazi. Mkwe alijificha uvunguni siku nzima ya kwanza, siku ya pili akatoka na kujipangia usingizi juu ya mkeka wa mwenye nyumba. Bi Zaituni hakumfukuza. Aliniuliza mbona nina sura ya msiba, nikamweleza habari ya Jimi. Akasema mbwa hawezi kukanyaga baraza anaposwalia, lakini nyuma kwenye banda la mkaa pana nafasi, siku nikimpata nimlete. Mtu ambaye sina naye hata tone la damu. Nililia mbele yake bila aibu.

Juzi Ijumaa Godlisten akapiga simu. Hakunisalimia.

"Dada, njoo umchukue mbwa wako."

Alikuwa ameajiri mlinzi, mtu mzima kutoka Singida, alale pale mpaka Desemba. Jimi hakumruhusu kuvuka geti. Akaja fundi wa vigae, akaondoka na suruali iliyochanika. Mama Haika, jirani yetu, ndiye aliyekuwa akimtupia Jimi makombo juu ya uzio, na mlinzi akawa analala kwake kwa kuhurumiwa. Godlisten akasema nisipokuja kufikia Jumapili, kuna mtu atamtupia nyama yenye sumu.

Nikamuuliza kama si yeye aliyesema mbwa ni wa nyumba.

"Umemlea wewe. Ni wako."

Hapo nikashindwa kunyamaza.

"Na wewe nilikulea, Godi. Nilikubeba mgongoni mpaka nikachelewa kuanza shule. Mbona hukuwa wangu?"

 Akasema mtandao ni mbaya, hanisikii vizuri, akakata.

Kwa hiyo leo nimepanda. Dereva yuleyule, kirikuu kilekile, safari hii kikiwa kitupu. Nikiri jambo: njiani nilikuwa na furaha mbaya. Nilikuwa nacheka peke yangu nikimfikiria fundi na suruali yake. Katika ukoo mzima aliyegoma ni mmoja tu, na ana mkia.

Furaha iliniishia getini. Mlinzi alikuwa amekaa juu ya begi lake, amejikunyata kwa baridi, koti limelowa. Aliponiona akainuka na kuniomba radhi kwa usumbufu. Yeye ananiomba mimi radhi! Ana umri wa marehemu baba, nikamwamkia shikamoo. Sikuwa na hasira naye hata chembe, na hilo lilinikera, kwa sababu hasira nilikuja nayo nyingi na nilitaka pa kuitua.

Jimi alikuwa amelala pale mlangoni, kwenye kipande kilekile cha sakafu ambapo mama aliota jua. Amekonda. Kile kipande cha kanga bado kiko shingoni, kimekuwa cheusi. Aliniona, hakukimbia kuja. Aliinuka, akatikisa mkia na kusogea pembeni kunipisha mlango, kama aliyesema nyumba yako hii, nimeishika, ingia.

Sikuwa na ufunguo.

Nilikaa chini kando yake. Migomba haijapunguzwa majani tangu niondoke. Kaburi la mama, pale kati ya migomba, limeanza kuota magugu, nikaenda kuyang'oa kwa mkono na Jimi akaja kukaa karibu. Nilimwambia mama kwamba Mkwe ameshazoea, ila sasa anapenda maandazi. Sikumwambia mengine.

Kisha nikamshika Jimi kwa ile kanga, nikamwita mlinzi aingie.

Jimi aliruka. Hapo ndipo nilipopata mkwaruzo huu. Nikapiga magoti kwenye tope, nikambana kwa mikono yote miwili, kichwa chake kifuani kwangu, nikawa namwambia tulia, tulia baba, basi. Alikuwa anatetemeka mwili mzima kwa kunguruma, na mimi ninatetemeka naye. Alikuwa analinda nyumba yangu dhidi ya watu walioninyang'anya, na mimi ndiye niliyemzuia ili wapite. Mlinzi akapita kando yetu kwa hatua za woga, akafungua mlango kwa ufunguo wa Godlisten, akageuka.

"Asante, mama. Mungu akubariki."

"Karibu," nikamwambia.

Karibu! Kwa mazoea tu. Miaka yote nimesimama mlangoni pale nikiwakaribisha waliokuja kumwona mama, neno likatoka lenyewe. Mlinzi akaingia na begi lake na kufunga mlango nyuma yake taratibu.

Dereva alitaka tumtie na Jimi kwenye gunia, au tumfunike macho kwa koti. Nilikataa. Jimi alisimama nyuma ya gari njia nzima, miguu ya mbele juu ya bodi, akitazama tulikotoka: kona ya kanisani, mashamba ya kahawa, daraja, lami, vichochoro vya Majengo. Hakulia hata mara moja. Mkwe aliposafiri hakuona chochote. Jimi ameona kila kitu.

Bi Zaituni amempa ugali na vichwa vya dagaa, amekula nusu. Sasa amelala kwenye banda la mkaa na pua ameielekeza getini. Mkwe amekwenda kumnusa, wamejuana, amerudi kwenye mkeka wake. Ningepaswa kufurahi, maana nilichokiomba kwenye kikao nimekipata chote.

Kesho asubuhi kabla ya kufungua cherehani nitakwenda sokoni kununua mnyororo, kwa sababu najua geti likifunguliwa tu ataondoka. Njia anaijua. Hata mimi naijua, tena vizuri kuliko yeye. Ila yeye hakupokea isale. Mimi nilipokea.