Soksi za Kuvalia Gambuti

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimefika kisigino. Soksi ya kushoto. Hapa ndipo ninapokosea kila mara. Nusu ya mishono inangoja kwenye sindano, nusu nyingine naifuma kwenda na kurudi, na nikisahau mmoja tu, kisigino kinakaa upande. Sindano ni spoki za baiskeli, nimezisugua kwenye jiwe mpaka zikawa laini. Uzi ni wa sweta ya mtumba ya kijani. Kuifumua kulinichukua siku tatu.

Goreth, mke wangu, anafanya kazi Bwizibwera, kwenye kituo cha kukusanyia maziwa. Anaosha makopo kuanzia alfajiri. Sakafu ina maji mchana kutwa. Gambuti linazuia maji, baridi halizuii. Anarudi hapa kambini Nakivale kila baada ya Jumamosi mbili. Hii inayokuja ni yake. Lazima nimalize.

Mahindi yameota machache. Panya wamekula mbegu.

Jumatano, 8 Oktoba

Jirani, Mama Divine, amenicheka tena. "Mwalimu, unafuma sawa na mama anangojea kuzaa!" Watoto wake nao wakacheka. Nimezoea.

Nilijifunza hospitalini Mbarara, mwaka ule pikipiki iliponivunja mguu. Mama mmoja alikuwa anamuuguza mwanawe kitanda cha pili. Alichoka kuniona nikitazama dari, akaniwekea uzi mkononi. Nilitoka na magongo mawili na nusu soksi.

Mguu unakubali kutembea. Jembe haukubali. Chakula cha msaada walipokipunguza, Goreth ndiye aliyesema ataenda kutafuta kazi. Mimi nilinyamaza. Bado najichukia kwa kunyamaza kule.

Jumamosi, 11 Oktoba

Hakuja. Nilikaa barabarani mpaka gari la mwisho. Simu yake imezimwa.

Nilipika maharage ya watu wawili.

Jumapili, 12 Oktoba

Misa. Sikusikia mahubiri. Simu bado.

Mama Divine anasema labda wamempa zamu. Labda.

Hatuna mtoto. Mwanamke mwenye mtoto ana cha kumrudisha. Huyu wangu anarudia nini? Mwalimu asiye na shule, mguu mbovu, sindano za spoki. Nina wivu. Afadhali niliandike neno lenyewe. Nina wivu na watu wa Bwizibwera ambao sijawahi kuwaona.

Jumanne, 14 Oktoba

Soksi zimekwisha. Nimezifua, nimezianika kwenye miba ya uzio. Simu kimya.

Jioni nimekifumua kisigino cha kulia. Hakikuwa na kosa. Nimekifuma upya.

Keshokutwa naenda.

Alhamisi, 16 Oktoba

Nimerudi. Siwezi kuandika.

Ijumaa, 17 Oktoba

Niandike sasa, nisije nikajidanganya baadaye.

Nilitoka hapa kabla ya jua. Kabingo, Mbarara, halafu Bwizibwera. Nilifika saa tano. Kituo kina geti la bati na askari mmoja wa makamo, mtu mwema. Wanaume walikuwa wanapanga baiskeli zenye makopo. Harufu ya maziwa yaliyochacha.

"Unatafuta nani, mzee?" askari akaniuliza.

"Goreth. Mrundi."

"Oo, yule mjane? Ako ndani, anaosha."

Nilidhani hatujaelewana. Nikamwambia Goreth wa Nakivale, mrefu, mwenye kovu kwenye kidevu. Akasema ndiyo, huyo huyo, masikini, bwana yake alikufa. Kisha akaniuliza: "Na wewe ni nani yake?"

Ningeweza kusema. Hakuna aliyenizuia. Mdomo ulifunguka wenyewe, ukasema: "Kaka yake."

Akaita kwa sauti, "Goreth! Kaka yako!"

Akatoka. Gambuti nyeupe, aproni ya plastiki, mikono imekunjamana kwa maji. Aliponiona alisimama. Akamtazama askari, akanitazama mimi.

"Karibu, kaka," akasema.

Tungeweza kuongea Kirundi. Hatukuongea Kirundi.

Msimamizi alipita, kijana aliyevaa vizuri. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Pole sana kwa shemeji." Nikamjibu asante. Nilipokea pole ya kifo changu na nikasema asante.

Nilimpa soksi. Akazisukuma ndani ya aproni, haraka. Akasema simu iliangukia kwenye pipa la maji. Jumamosi ile hawakumpa ruhusa kwa sababu mvua zimerudi na maziwa ni mengi. Atakuja tarehe ishirini na tano. Yote aliyasema akiangalia chini. Dakika tano hazikutimia.

Mbarara nilikaa kwenye kibaraza cha duka la Mwarabu kungoja gari. Nilitaka kulia. Nikanunua chapati, nikala.

Jumatatu, 20 Oktoba

Sijashika uzi tangu Alhamisi.

Sikuuliza nilikufa kwa nini. Najiuliza amenizika wapi. Alilia alipowaambia? Alivaa nini?

Mama Divine kauliza habari za Bwizibwera. Nimesema nzuri.

Jumamosi, 25 Oktoba

Amekuja. Saa nane mchana, ameleta maziwa ndani ya chupa. Amevaa soksi. Alizionyesha mlangoni kabla hajaweka mzigo, kama mtoto. Hilo lilinikasirisha kuliko yote.

Nilimngoja anywe maji. Kisha nikasema, "Unaniua mbele za watu."

Akakaa juu ya ndoo. Alisema siku aliyokwenda kuomba kazi walikuwa wanawake saba getini. Msimamizi alimuuliza kila mmoja: una bwana? Wenye mabwana, alisema, wanaitwa nyumbani kila siku. Watano walijibu ndiyo. Wakarudishwa wote.

"Nilikuwa wa sita," akasema.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungesema nini, Salvator?"

Nikauliza lile nililoshindwa kuuliza Bwizibwera.

"Nilikufa kwa nini?"

Aliutazama mguu wangu. "Pikipiki."

Basi, hakwenda mbali kutafuta. Alisema usiku ule waliponibeba alikuwa mjane kwa saa nzima, mpaka daktari alipotoka. Walipomuuliza getini, ile saa ndiyo iliyomjia. Akaanza kulia. Mimi sikulia. Nilikuwa na hasira na sikumpata wa kumkasirikia.

Halafu akajifuta uso, akasema, "Ukiniambia niache, naacha. Leo hii."

Alinitazama. Alingoja kweli. Na mimi nilikuwa nalitazama gunia la mahindi pale pembeni, limelegea, limekunjwa mara mbili. Nilikuwa na nafasi ya kuwa hai kwa neno moja. Nikamuuliza kama soksi hazimbani.

"Hazibani," akasema. "Zina joto."

Jumapili, 26 Oktoba

Misa pamoja. Alinishika mkono kwenye mteremko wa kanisa kwa sababu kuna tope. Hakuuachia tulipofika tambarare. Watu walitusalimia: Mwalimu, Madamu.

Mchana alilala. Nilimfukuzia inzi.

Anasema sasa itakuwa mara moja kwa mwezi. Nimesema sawa.

Jumatatu, 27 Oktoba

Ameondoka saa kumi na moja alfajiri. Nilimsindikiza mpaka kwenye gari.

Mvua ndogo. Nimeingiza kuni. Nimeanza jozi nyingine, uzi wa kahawia, mishono ni ile ile.

Mama Divine amepita na dumu la maji kichwani.

"Madamu amerudi kazini?"

"Amerudi."

"Na weye, Mwalimu?"

"Mimi nipo," nikamwambia.

Akaitikia, akaenda zake.