Gari la Viti Vyeupe

Chebet mjukuu wangu, chamgei. Huku Kabianga tuko salama. Goti la babu yako limepona, na ng'ombe wako amezaa.

Umeniuliza kama ununue hilo gari kubwa la viti vyeupe vya ngozi. Baba yangu alipoleta pikapu yake ya kwanza, majirani walikuja kuitazama wamevaa nguo za kanisa. Yeye akamwita mama, aliyekuwa anachuma chai, akamkalisha mbele na kikapu chake kinachuruzika maji ya mvua. Kiti hakukipangusa.

Kwa hivyo usilipe bado. Omba kulijaribu mpaka huku nyumbani, siku ya mvua. Nitapanda na gambuti zangu za shambani, na sitaangalia gari. Nitaangalia uso wako.

Ni mimi bibi yako,
Kogo